Kufa na Kuzikana: Historia ya Mazishi Ndani ya Maneno Yetu

Waswahili wakitaka kuusifu urafiki uliokomaa husema: hao ni marafiki wa kufa na kuzikana. Tumeuzoea usemi huu hata hatuusikii tena. Lakini mwanasarufi akiutazama kwa makini ataukuta na mushkili. Mnyambuliko wa kutendana hudai watu wawili wanaotendeana jambo moja. Juma akimpenda Asha, na Asha akampenda Juma, wamependana. Wakisaidiana, kila mmoja ametoa na kila mmoja amepokea. Je, kuzikana? Juma akimzika Asha, Asha hatamzika Juma. Katika kila jozi ya marafiki mmoja huzika na mmoja huzikwa, na aliyezikwa huondoka na deni asiloweza kulilipa. Basi wazee wetu waliipigaje hesabu hiyo?

Nimelifikiria swali hilo kwa muda mrefu, na naona jibu lake linahitaji historia pamoja na sarufi. Mazishi, popote yanapofanywa, hujibu maswali mawili: nani ana wajibu wa kumzika huyu, na nani atamkumbuka kesho. Kila jamii imeyajibu maswali hayo kwa vyombo vyake: kwa maneno, kwa mawe, kwa miti, kwa ardhi ya mababu, hata kwa moto. Hapa nitapitia mifano michache ya Afrika Mashariki, ya pwani na ya bara, tuone kiambishi kile kidogo cha kutendana kimebeba mzigo gani, na watu waligombana vipi kilipotikiswa.

Maneno ya msibani

Tuanze na msamiati, maana ndio ulio karibu nasi. Mtu akifa Uswahilini, maneno huja kwa tabaka mbili. Tabaka la kwanza ni la Kibantu, la zamani kuliko mji wowote wa mawe: kufa, kulia, kuzika, mzimu, kuzimu. Maneno haya yana jamaa zake mbali sana na pwani yetu. Washona wa Zimbabwe humwita mhenga aliyetangulia mudzimu, na Wasotho huwaita wahenga wao badimo. Ni shina moja na mzimu wetu. Tabaka la pili lilikuja na Uislamu kwa njia ya Kiarabu: maiti, jeneza, kaburi, marehemu, talakini, hitima, eda, tanzia.

Maneno ya tabaka la pili hayakukaa kama yalivyokuja. Kwa Kiarabu, neno lililozaa tanzia lina maana ya kumliwaza aliyefiwa. Kwetu tanzia ni habari yenyewe ya kifo, na kazi ya kuliwaza tumeiachia pole na rambirambi. Ziara asili yake ni kutembelea. Pwani neno hilo likahama kutoka kwa mgeni likamwendea mwenyeji, hata kaburi la mtu mwema linalozuriwa likaitwa ziara, na mengi yakawa maziara. Marehemu ilikuwa dua, yaani aliyerehemewa. Leo ni cheo cha kila aliyekufa, na Mkristo hulitumia bila kusita sawa na Mwislamu. Hayati ni ajabu zaidi, kwa kuwa asili yake ni neno la uhai. Hata hivyo tunamwekea mtu mkubwa aliyekwisha kufa, kama tunavyosema Hayati Mwalimu Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999 akazikwa kwao Butiama.

Lakini kuna jambo ambalo sikuligundua mpaka nilipoyapanga maneno haya kwa mpangilio wa mazishi yenyewe. Kadiri tunavyoukaribia mwili wa maiti, ndivyo maneno mengi yanavyokuwa ya nyumbani. Sala, dua na vyeo vina majina ya Kiarabu. Lakini shimo linalochimbwa chini ya kitanda cha kuoshea maiti, ili maji yaliyomwosha yaingie humo yasitapakae, huitwa ufuo, jina lilelile la mchanga wa kando ya bahari. Na pale chini kabisa ya kaburi, mahali panapochongwa ubavuni ili mwili uingie na kulazwa kuelekea kibla, ndipo mwanandani. Vitabu vya fikihi vilivyosomeshwa pwani kwa karne nyingi vina jina la Kiarabu la mahali hapo, na masheikh walilijua. Wachimba kaburi hawakulichukua. Walichukua mwana na ndani, maneno mawili ambayo mtoto wa miaka miwili anayafahamu, wakayaunga.

Mwaka juzi nilikuwa mavani katika mazishi ya jirani yetu. Mzee aliyesimamia uchimbaji akaagiza, "Sasa mfanyeni mwanandani." Kijana aliyeshika jembe, mwenye nguvu na adabu, akageuka akauliza, "Ndiyo nini hiyo, mzee?" Mzee hakukasirika. Alishuka mwenyewe kaburini, akamwonyesha kwa mkono. Nilijiuliza njia nzima ya kurudi: siku mzee huyo atakapozikwa, nani atashuka kumwonyesha mwingine?

Hapo ndipo nilipokumbuka neno mzishi. Maana yake ya kwanza ni mtu anayezika. Lakini Waswahili wa zamani walilitumia pia kwa rafiki wa dhati, yule unayemtegemea kwamba siku yako ikifika hatakuacha ukazikwa na wapita njia. Kwa hiyo mzishi wako ni mtu unayemjua ungali hai, unayekula naye na kucheka naye.

Bara ya Tanzania iliujenga wajibu huo katika utani. Katika makabila mengi mtani ndiye aliyechimba kaburi, ndiye aliyeshughulika na maiti wakati jamaa wameshikwa na majonzi, na ndiye pekee mwenye ruhusa ya kufanya mzaha msibani. Huiga sauti na mwendo wa marehemu, hujilaza ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka alipwe, na waliofiwa hucheka huku machozi hayajakauka. Utani wa makabila ya mbali, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, huhusishwa na misafara ya karne ya 19 iliyotoka Unyamwezi ikashuka Bagamoyo. Fikiria hali ya mpagazi aliyeugua njiani, wiki nyingi kutoka kwao. Nani atamzika? Mtani. Na mtani naye akisafiri kwenda bara, nani atamzika? Mtani wake. Hapa kuzikana si fumbo la sarufi tena: ni mkataba kati ya watu na watu, ambao mmoja akifa bila kulipa, ndugu yake hulipa kwa ndugu wa yule.

Nguzo za mawe

Maneno husemwa yakapita na upepo. Waswahili wa miji ya kale walitaka pia kitu kitakachosimama. Kuanzia pwani ya Somalia hadi Tanzania, kando ya misikiti iliyobomoka, kuna makaburi ya matumbawe na chokaa yenye nguzo ndefu upande mmoja. Nguzo nyingine ni za duara, nyingine za pembe nne au pembe nane. Malindi ipo karibu na msikiti wa ufukweni. Zipo Gede, Mambrui, Kaole karibu na Bagamoyo, na Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam. Huko Uarabuni, ambako wajenzi wake walielekea kila waliposali, makaburi ya namna hii hayana mfano wa karibu. Tena wapo wanazuoni wengi wa Kiislamu wanaochukia kaburi kujengewa chochote. Nguzo hizi, basi, zilikuwa jibu la watu wa pwani wenyewe kwa swali lao wenyewe.

Mafundi walizipamba kwa bakuli za kauri kutoka China, wakizipachika katika chokaa ikiwa mbichi. Bakuli hizo zilisafiri bahari nzima ili ziliwe chakula na watu wenye mali, na baadhi yake zikaishia kaburini. Aliyepita aliambiwa bila maandishi kwamba aliyelala hapa alikuwa mtu wa kualika wageni, na kwamba ukoo aliouacha haukumwonea choyo.

Nasema bila maandishi kwa sababu nguzo zilizo nyingi hazina jina la mtu. Huko Gede kuna kaburi ambalo wataalamu wa mambo ya kale wameliita Kaburi Lenye Tarehe, kwa kuwa limeandikwa mwaka wa Hijria 802, sawa na 1399. Kule kuliita hivyo kunatosha kutuonyesha jinsi maandishi yalivyo adimu. Watu waliokuwa na wasomi na waandishi, waliokuwa wakichonga aya juu ya mawe, waliinua nguzo za dhiraa nyingi wasiandike ni ya nani. Kwa nini? Nadhani hawakuona haja. Jina lilikuwa vinywani mwa majirani. Kila aliyekwenda sokoni alijua nguzo hii ni ya babu wa fulani, na fulani mwenyewe alikuwa hapo, akiuza nguo.

Kisha miji ikahamwa. Gede ilibaki tupu katika karne ya 17, msitu ukaifunika, na James Kirkman alipoanza kuifukua mnamo 1948 alizikuta nguzo, hakuyakuta majina. Kunduchi na Kaole bakuli nyingi zilibanduliwa, na leo yanaonekana matundu ya duara tu pale zilipokuwa. Jiwe lilidumu, kumbukumbu haikudumu, kwa sababu kumbukumbu ilikuwa imekabidhiwa watu. Kinyume chake ni Takwa, katika kisiwa cha Manda. Mji huo nao ulihamwa, lakini watu wa Shela, ng'ambo ya mlangobahari, wameendelea kulizuru kaburi la nguzo lililopo huko na kuomba dua, ikiwamo dua ya mvua. Nguzo ya Takwa ingali na watu wake.

Vigango

Tukitoka Malindi na kupanda kidogo kuelekea bara, tunaingia nchi ya Wamijikenda: Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Wajibana, Wakambe, Waribe, Warabai, Waduruma na Wadigo. Ni majirani wa Waswahili kwa lugha, kwa ndoa na kwa biashara. Na wao pia husimamisha kitu kilichonyooka kwa ajili ya wafu wao, ila chao ni cha mti.

Kwa Wagiriama hasa, mtu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye mali na heshima, huchongewa kigango. Ni ubao wa mti mgumu, mara nyingi mrefu kupita mtu, wenye kichwa juu na kiwiliwili kilichochorwa pembetatu ndogondogo zilizopangwa kwa safu na kutiwa rangi. Asiyekuwa wa Gohu hupata kikoma, kigingi cha kawaida kisicho na nakshi. Msomaji Mkatoliki asichanganye: kigango chetu cha kanisani, yaani jumuiya ndogo iliyo chini ya parokia, ni neno jingine katika matumizi, ingawa sauti ni moja.

Mara nyingi kigango hakisimamishwi siku ya mazishi. Husimamishwa baadaye, pengine baada ya miaka, marehemu anapomjia mtoto wake ndotoni akalalamika kwamba amesahauliwa, au maradhi na ukame vinapoingia bomani na mganga akaeleza kwamba koma anadai haki yake. Neno hili koma, roho ya aliyekufa, lilikuwa la Kiswahili pia. Linapatikana katika kamusi ya Krapf iliyochapishwa 1882. Na Krapf mwenyewe aliyajua makaburi ya pwani kwa uchungu: mwaka 1844, miezi michache baada ya kufika Mombasa, alimzika huko mkewe pamoja na binti yao mchanga.

Sheria ya kigango ni moja kubwa: kikishasimama hakiondolewi. Familia ikihama, hukiacha mahali pake kioze na kurudi ardhini, na huko iendako hukumbuka wafu wake kwa vigingi vipya. Sheria hiyo ndiyo iliyowaponza. Kuanzia miaka ya 1970 wezi waliving'oa vigango katika maboma yaliyohamwa na hata yaliyokaliwa, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa vinyago, vikavuka bahari hadi katika nyumba za matajiri na makumbusho za Marekani. Mamia vilikwenda hivyo. Huko viliwekewa taa nzuri na maelezo yaliyovitaja kama sanaa ya kuchonga. Jina la marehemu halikuwapo katika maelezo, kwa sababu aliyeuza hakulijua na aliyenunua hakuuliza.

Kuna familia ambazo ziliendelea kuuliza. Watafiti waliofanya kazi Kaloleni waligundua kwamba vigango viwili vilivyoibwa miaka ya 1980 kwa familia moja vimo katika makumbusho mbili za Marekani. Mwaka 2007 vikarudishwa kwa wenyewe. Mwaka 2014 makumbusho ya elimu ya viumbe ya Denver ikatangaza kuvirejesha vyake 30. Tatizo la vilivyo vingi ni lilelile la nguzo za Gede: hakuna tena ajuaye ni vya nani. Mwizi alipokitenga kigango na watu wake, aliiba kitu kimoja akaharibu viwili. Nguzo ya mawe iliachwa na watu wake. Kigango kilinyang'anywa watu wake. Katika hali zote mbili kilichokatika ni kile kiungo cha kutendana.

Nyumba na nyumbani

Hadi hapa nimesema kana kwamba daima hujulikana nani ana wajibu wa kumzika nani. Historia ya karibu inatuonyesha kwamba wajibu huo unaweza kugombaniwa hadi mahakamani.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifariki Nairobi wakili mashuhuri, Silvano Melea Otieno, aliyejulikana kwa herufi zake mbili, S.M. Alikuwa Mjaluo. Mkewe, Wambui Otieno, alikuwa Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki, mwanamke aliyeshiriki harakati za uhuru. Mjane alisema mumewe alitaka azikwe karibu na Nairobi, na akapanga kumzika katika shamba lao la Matasia, Ngong. Ndugu wa marehemu na ukoo wake wa Umira Kager wakapinga: Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Mwili ukakaa chumba cha maiti wakati mawakili wakihojiana. Mahakama Kuu iliupa ukoo ushindi Februari 1987, Mahakama ya Rufani ikauthibitisha tarehe 15 Mei, na S.M. akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kufa kwake. Mjane hakuhudhuria.

Mengi yameandikwa juu ya kesi hiyo: sheria, siasa, haki za wanawake, ndoa za makabila tofauti. Mwanafalsafa Odera Oruka mwenyewe aliitwa kutoa ushahidi juu ya mila. Lakini mpenzi wa lugha hawezi kuacha kuona kwamba kesi nzima ilizunguka jozi ya maneno. Kwa Kijaluo, ot ni nyumba, dala ni boma la mtu, mahali alipowekwa na baba yake kwa taratibu za ukoo. Mtu anaweza kuwa na ot tano Nairobi asiwe na dala hata moja. Upande wa ukoo ulishikilia kwamba S.M. alikuwa na nyumba mjini, lakini nyumbani kwake ni Nyalgunga. Mahakama ikakubali.

Kiswahili kinaifanya tofauti hiyo kwa silabi moja: nyumba na nyumbani. Ile -ni ya mahali, tunayoiona shambani, sokoni na mjini, ikitua juu ya nyumba hufanya zaidi ya kuonyesha mahali. Nyumba hununuliwa, hukodishwa, hubomolewa. Nyumbani hakuuzwi. Nasi tuna neno jingine lenye nguvu zaidi, ambalo halina hata nomino ndani yake: kwao. Tunauliza, "Marehemu kwao wapi?" na jibu hutuambia basi la msiba litaelekea wapi.

Lakini tusidanganyike kudhani kwamba upande mmoja ulikuwa na mila na mwingine haukuwa na kitu. Wambui naye alidai kuzikana. Aliishi na mtu huyo miaka zaidi ya 20, alizaa naye, na alisema aliagizwa. Kama mke si mzishi wa mumewe, ni nani? Ukoo ulijibu kwamba mtu ni wa waliomtangulia kabla ya kuwa wa aliyemwoa. Hoja zote mbili ni za kutendana, na ndiyo maana kesi ile ilikuwa chungu: walipambana watu wawili wenye deni la kweli kwa maiti mmoja. Mahakama iliamua nani alipe. Haikuweza kumwondolea deni yule aliyezuiwa kulipa.

Moto

Kisa cha mwisho ni cha amani zaidi. Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Aliyepanda miti maisha yake yote alikuwa ameagiza kwamba mti usikatwe kwa ajili yake. Jeneza lake likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji, na tarehe 8 Oktoba mwili wake ukachomwa Nairobi, katika mazishi ya kitaifa.

Wengi walishtuka wakasema si mila. Wahindu wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam wamekuwa wakiwachoma wafu wao kwa vizazi, na hakuna aliyewashangaa. Kilichoshtua ni Mkikuyu kufanyiwa hivyo. Lakini mila ya Wakikuyu ilikuwa ipi? Kabla ya wakoloni na wamisionari kuamuru kila mtu azikwe, Mkikuyu wa kawaida alipokufa mwili ulilazwa porini ukaachiwa fisi. Kaburi lilikuwa haki ya wazee wachache wenye mali na watoto. Jeneza na msalaba tunavyoviita mila leo havijatimiza hata miaka 150 milimani kule.

Kiswahili kilijikwaa kidogo katika msiba huo. Hatuna kitenzi chenye staha kwa jambo hilo. Tulisema kuchoma, neno la nyama na takataka, au kuteketeza, neno la majanga. Hili ni pengo ambalo washairi wanaweza kulifikiria. Lakini angalia neno ambalo hatukulibadili. Hakuna kaburi lililochimbwa siku ile, na bado tulisema mazishi. Lugha ilijua kwamba kuzika hakutegemei udongo. Watu walikuja, wakaaga, wakatimiza agizo la aliyekufa. Kwa Kiswahili hayo yalitosha kuitwa mazishi.

Hesabu ya -ana

Turudi kwa Juma na Asha. Nilisema kwamba aliyezikwa huondoka na deni asiloweza kulilipa. Hesabu hiyo ni sahihi ukiwatazama wawili tu. Wazee wetu hawakuwatazama wawili. Mtani wa Kizaramo alimzika Mnyamwezi asiyemjua, kwa sababu siku moja Mnyamwezi mwingine atamzika Mzaramo mwingine. Aliyeinua nguzo Malindi alimlipia babu yake, akitumaini mjukuu atamlipia yeye. Mgiriama huota ndoto ya baba akidai kigango, naye hukumbuka kwamba atakuja kuwa koma akaingia katika ndoto za mwanawe. Deni halirudi kwa aliyekopesha; linakwenda mbele. Tunazikana kwa zamu, na zamu haijawahi kuisha. Kwa hiyo kiambishi hakikukosea. Kosa lilikuwa letu, tulipodhani nafsi ni mbili.

Washairi wana sehemu yao katika zamu hiyo. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe alimtungia shairi linaloitwa kwa jina lake, Amina. Nguzo nyingi za pwani hazina majina, na vigango vingi vilivyo ughaibuni vimepoteza yao, lakini jina la mwanamke huyo bado linasomwa na watoto wa shule ambao hawajui kaburi lake lilipo.

Nasi tulio hai tuna kazi ndogo zaidi. Tujue kwamba ufuo, mwanandani, mzishi na koma ni maneno yanayoshikwa na mikono ya wazee wachache, na kwamba hayatapatikana kwa kufukua. Kijana yule wa mavani sasa anajua mwanandani ni nini, kwa sababu mtu alishuka akamwonyesha. Kwenu mahali hapo huitwaje? Waulizeni wazee, mkaandike, kabla zamu haijawafikia.